Swali la thamani ya awali katika milinganyo tofautishi ya wigo: majibu ni mengi, lipi unalihitaji?

MLETA UZI

Wanajamvi, habari za wakati huu. Kila panapozungumzwa milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayofunga pamoja kiasi fulani na kasi ya badiliko lake, hujitokeza swali hili: ikiwa thamani ya kuanzia haijulikani barabara, bali inajulikana tu kwamba iko kati ya namba mbili, mlinganyo huo unatatuliwaje? Wanaojibu huleta majibu yanayopingana, na ajabu ni kwamba ukimkagua kila mmoja hesabu yake huoni kosa. Nimeanzisha uzi huu ili nieleze kwa nini majibu hayo yanapingana, na pia nitetee msimamo mmoja: swali la thamani ya awali la namna hii halijakamilika mpaka muulizaji aseme wigo wake unawakilisha nini, na majibu mawili yanayotolewa sana mara nyingi si majibu ya swali ambalo mhandisi au mfamasia alikuwa nalo kichwani.

Wigo [1, 2] ni namba zote kuanzia 1 hadi 2. Kujumlisha nyigo (wingi wa wigo) hakuna shida: unajumlisha ncha za chini, kisha ncha za juu. Shida iko kwenye kutoa. Kwa kanuni ambayo Ramon Moore aliijengea msingi katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1962 na katika kitabu chake cha 1966, ncha ya chini ya tofauti hupatikana kwa kutoa ncha ya juu ya wigo wa pili kutoka ncha ya chini ya wigo wa kwanza, na ya juu hupatikana kinyume chake. Kwa hiyo [1, 2] kutoa [1, 2] ni [−1, 1], wala si sifuri. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa ikiwa tunazungumzia namba mbili zisizotegemeana. Lakini kasi ya badiliko hupatikana kwa kutoa thamani ya sasa kutoka thamani ya baadaye kidogo, kisha kugawanya kwa muda uliopita, na ukigawanya [−1, 1] kwa muda unaozidi kuwa mdogo unapata wigo unaopanuka bila kikomo. Hata kitu ambacho hakijasogea kitaonekana kana kwamba kinabadilika kwa kasi isiyo na mwisho.

Mjapani Masuo Hukuhara alitoa njia nyingine mwaka 1967: tofauti ya A na B iwe ni wigo C ambao ukiujumlisha na B unapata A. Kwa njia hiyo [3, 7] kutoa [1, 2] ni [2, 5], na wigo wowote ukijitoa wenyewe unabaki na sifuri. Kasoro yake ni kwamba tofauti hiyo haipo ikiwa A ni mwembamba kuliko B, na matokeo yake ni kwamba kitu chenye kasi ya badiliko kwa maana ya Hukuhara hakiwezi kamwe kusinyaa. Hebu fikirieni nadharia ya mabadiliko ambamo shaka inaruhusiwa kukua au kubaki ilivyo, lakini hairuhusiwi kupungua hata siku moja. Svetoslav Markov wa Bulgaria alishughulikia tatizo hilo katika makala yake ya 1979 kuhusu kalkulasi ya nyigo, na mwaka 2009 Luciano Stefanini na Barnabás Bede wakalipanga kwa sura inayotumika zaidi leo. Unatoa ncha ya chini kwa ya chini na ya juu kwa ya juu, kisha unayapanga matokeo, dogo litangulie. Tofauti hiyo ipo daima kwa nyigo zozote mbili.

Sasa tutatue X′ = −X, ambapo X′ ni kasi ya badiliko la X, na wigo wa kuanzia ni X(0) = [1, 2]. Tuite ncha ya chini a na ya juu b, hivyo upande wa kulia ni [−b, −a]. Kwa kuwa ncha za kasi hupangwa kwa ukubwa, lazima tuamue kwanza kama wigo unapanuka au unasinyaa. Ukipanuka, basi a′ = −b na b′ = −a. Jumlisha milinganyo hiyo miwili utaona kwamba katikati ya wigo inashuka kama e^(−t), ila ukitoa mmoja kutoka mwingine utaona kwamba upana unakua kama e^t. Wakati t = 1, jibu ni takriban [−0.81, 1.91]. Ukisinyaa, mpangilio unageuka, tunapata a′ = −a na b′ = −b, na wakati huohuo jibu ni takriban [0.37, 0.74].

Yote mawili yanautimiza mlinganyo. Stefanini na Bede walithibitisha kwamba upande wa kulia ukiwa na mwendelezo na ukitimiza sharti la Lipschitz (yaani haurukiruki kwa kasi isiyo na kikomo X inapobadilika kidogo), kuna jibu moja tu linalopanuka na moja tu linalosinyaa, hili la pili likiishi kwa muda ule tu ambao upana wa kuanzia unatosha kupunguzwa. Hivyo ile kauli tuliyokaririshwa, kwamba swali lenye thamani ya awali na sharti la Lipschitz lina jibu moja, haifanyi kazi hapa.

Jambo jingine la pembeni, lakini limewakwaza wengi. X′ = −X na X′ + X = 0 si mlinganyo mmoja. Huo wa pili unadai jumla ya nyigo mbili iwe na upana wa sifuri, jambo ambalo haliwezekani ikiwa X ina upana wowote, kwa hiyo ukianza na [1, 2] hauna jibu hata moja. Mazoea ya kuhamisha vitu upande wa pili wa alama ya usawa na kubadili ishara yaachwe mlangoni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Naona lakini kwamba umelikuza tatizo kuliko lilivyo. Sisi tulifundishwa kanuni nyepesi: mlinganyo ukiwa wa ukuaji, chukua jibu linalopanuka, ukiwa wa kupungua, chukua linalosinyaa. Katika mfano wako jibu linalosinyaa ni [e^(−t), 2e^(−t)], na hilo ndilo hasa ungelipata kama ungechukua kila namba kati ya 1 na 2, ukatatua mlinganyo wa kawaida, kisha ukakusanya majibu yote. Lile jingine, lenye namba hasi kwa kitu kinachopungua kuelekea sifuri, halina maana ya kifizikia na linatupwa tu. Ugumu uko wapi?

MLETA UZI

Ndugu mchangiaji, kanuni hiyo naifahamu, na ninakubali kwamba katika mfano wangu wa kwanza inatoa jibu zuri. Inatoa jibu zuri kwa sababu shaka yote ilikuwa kwenye thamani ya kuanzia peke yake. Mara tu kigezo kilichomo ndani ya mlinganyo kikiwa nacho hakijulikani barabara, kanuni inavunjika, na inavunjika kwa namna ya hatari kwa sababu jibu lake linaonekana la busara.

Chukua dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu. Ukolezi wake ulipopimwa ulikuwa kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita, na mwili huiondoa kwa kiwango k kilicho kati ya 0.2 na 0.3 kwa saa, kutegemea mgonjwa. Mlinganyo ni X′ = −KX, ambapo K = [0.2, 0.3]. Kasi ya mwanzo kwa hesabu ya wigo ni [−6, −2], maana −0.3 mara 20 ni −6, na −0.2 mara 10 ni −2. Tupige hatua moja ya dakika sita, yaani sehemu moja ya kumi ya saa.

Jibu linalopanuka linaipa ncha ya chini kasi ya −6 na ya juu kasi ya −2, tunapata [9.4, 19.8]. Jibu linalosinyaa linafanya kinyume na kutupa [9.8, 19.4]. Sasa mtazame mgonjwa halisi aliyeanza na 10 na mwenye k ya 0.3: amepoteza 0.3, amebaki na 9.7. Yuko nje ya wigo unaosinyaa. Aliyeanza na 20 na mwenye k ya 0.2 amebaki na 19.6, naye yuko nje. Wigo wa kweli baada ya dakika sita ni takriban [9.7, 19.6], na hakuna jibu lolote kati ya yale mawili lililoupata.

Ukiangalia kwa makini utaona ni nani anaoanishwa na nani. Jibu linalopanuka linamwoanisha mwenye 10 na kasi ya −6, ambayo ni kasi ya mwenye 20. Mtu mwenye 10 hawezi kupoteza zaidi ya 3 kwa saa hata figo zake zikifanya kazi kwa kiwango cha juu kabisa tulichokiruhusu. Jibu linalosinyaa kwa upande wake linadai kimyakimya kwamba wenye dawa kidogo ndio wanaoiondoa polepole na wenye dawa nyingi ndio wanaoiondoa haraka, dai ambalo hakuna aliyelitoa.

Baada ya saa tano, wigo wa kweli ni takriban [2.23, 7.36], ilhali ule unaosinyaa unasema [3.68, 4.46]. Baada ya kama saa 6.93, ncha mbili za jibu linalosinyaa zinakutana kwenye 2.5 na shaka inatoweka kabisa, kana kwamba kutojua kwetu kumeponywa na saa ya ukutani, wakati ukweli ni kwamba wapo wanaoweza kuwa na 1.25 na wapo wanaoweza kuwa na 5. Jibu linalopanuka nalo, ncha yake ya chini inavuka sifuri baada ya takriban saa 1.77, wakati hakuna mgonjwa anayeweza kuwa chini ya 5.8.

Zingatia pia kwamba wigo wa kweli, [10e^(−0.3t), 20e^(−0.2t)], wenyewe unasinyaa muda wote. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba tatizo ni kuchagua kati ya kupanuka na kusinyaa. Tatizo ni kwamba wigo huo hauutimizi mlinganyo wa Stefanini na Bede: kasi yake ya mwanzo ni [−4, −3], na upande wa kulia wa mlinganyo unadai [−6, −2].

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi ni mtu wa programu zaidi kuliko hisabati. Niliandika hatua za Euler, yaani kusogeza jibu kidogo kidogo kwa kasi ya mwanzo wa kila hatua, kwa kutumia maktaba ya hesabu ya wigo: X mpya ni X ya zamani kujumlisha h (ukubwa wa hatua) mara −KX, na kila nilipopunguza ukubwa wa hatua nilitegemea jibu libane, ila lilizidi kutanuka kadiri muda ulivyokwenda. Nilidhani maktaba ina hitilafu. Nimesoma uzi huu na sasa nahisi tatizo ni jingine. Je, kuna njia ya kulirekebisha bila kuacha hesabu ya wigo?

MLETA UZI

Maktaba haina kosa. Kujumlisha nyigo hujumlisha upana, kwa hiyo kila hatua unaongeza upana wa hKX juu ya upana uliokuwapo, na upana haurudi nyuma. Ukipunguza hatua unalikaribia kwa usahihi zaidi jibu linalopanuka, ambalo ndilo programu yako inalitatua bila kukuuliza.

Chanzo ni kwamba X imeandikwa mara mbili katika fomula moja, na hesabu ya wigo haijui kwamba ni X ileile. Iandike mara moja: X mpya ni X mara (1 − hK). Kwa hatua ya 0.1, mabano yanakuwa [0.97, 0.98], na [10, 20] mara wigo huo ni [9.7, 19.6]. Fomula mbili zinazolingana kwa namba za kawaida zimetoa majibu tofauti kwa nyigo, na hiyo si bahati mbaya, bali ndiyo tabia ya hesabu hii.

Hata hivyo usiridhike haraka. Thamani kamili ya juu baada ya dakika sita ni 20e^(−0.02), takriban 19.604, ambayo imepita 19.6 kidogo. Euler amekata mkia wa mfululizo wa Taylor (jumla ndefu ya vipande inayotoa jibu kamili, yeye akitumia vipande viwili vya mwanzo tu), na mkia huo ukiachwa, huna tena haki ya kudai kwamba wigo wako umefunika majibu yote. Njia ya Moore ilikuwa ni kuubakiza mkia wenyewe kama wigo: kwanza unatafuta wigo mpana ambao una hakika suluhisho halitoki ndani yake katika hatua nzima, kisha unautumia kukadiria sehemu iliyokatwa na kuijumlisha. Jibu linakuwa pana kidogo kuliko linavyohitajika, lakini halimwachi mtu nje.

Kwa mlinganyo mmoja kama huu wa dawa kuna njia fupi zaidi, yenye asili katika kazi ya Max Müller ya mwaka 1927. Unaandika mlinganyo wa kawaida kwa kila ncha. Kwa ncha ya chini unachukua kasi ndogo kuliko zote inayowezekana kwa mtu aliyesimama penye ncha hiyo, na kwa ncha ya juu kasi kubwa kuliko zote kwa aliyesimama pale juu. Hapa inakuwa a′ = −0.3a na b′ = −0.2b. Angalia kwamba k haihitaji hata kuwa thabiti. Ikiyumba kati ya 0.2 na 0.3 saa hadi saa, mipaka hiyo bado inashika.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba nirudi kwenye nadharia. Ulisema kuna jibu moja linalopanuka na moja linalosinyaa. Kuna kitu kinachozuia jibu kuanza kwa kusinyaa kisha likabadili nia katikati ya safari?

MLETA UZI

Hakuna, na umegusa mahali pabaya. Chukua X′ = [−1, 1], ukianzia X(0) = [−2, 2]. Wigo [−2 + t, 2 − t] unautimiza mlinganyo mpaka t = 2, unapobaki nukta moja. Lakini unaweza kusimama t = 1, ambapo wigo ni [−1, 1], ukageuka na kuanza kupanuka. Pima kasi kwa upande wa kushoto wa nukta hiyo: tofauti ya ncha za chini na za juu ukiipanga na kuigawanya kwa muda, unapata [−1, 1]. Pima upande wa kulia: unapata [−1, 1] tena. Pande zinakubaliana, hivyo kasi ya badiliko ipo hapo, ingawa kila ncha ikichukuliwa peke yake imevunjika kona. Kwa kuwa kugeuka kunaruhusiwa wakati wowote kabla ya t = 2, majibu ni mengi yasiyohesabika. Ndiyo maana katika nadharia hii watu husema wanatafuta jibu lisilo na nukta za kugeuka, au hutangaza mapema nukta hizo ziko wapi.

Sisemi kwamba nadharia hiyo haina kazi. Ikiwa wigo wenyewe ndicho kitu kinachobadilika, kwa mfano bei ya chini na bei ya juu ya soko zinazokwenda pamoja kama jozi, basi mlinganyo wa wigo unaeleza jambo halisi, na mjenzi wa modeli ana haki ya kuamua kama jozi hiyo inapanuka au inasinyaa. Ninachokataa ni kuutumia pale ambapo kuna namba moja ya kweli iliyojificha na wigo ni ungamo la kutoijua. Hapo kinachotakiwa ni mkusanyiko wa majibu yote ya kawaida yanayowezekana.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimekuelewa kuhusu dawa. Swali la mwisho kwa upande wangu: modeli nyingi za dawa zina vyumba viwili, damu na tishu, dawa ikipita huku na huku. Njia ya ncha mbili inafaa huko?

MLETA UZI

Inategemea vyumba vinaathirianaje. Onyo maarufu linatoka kwa mfano wa mzunguko, x′ = y na y′ = −x. Anza na mraba mdogo wa thamani za awali. Mraba unazunguka bila kubadilika ukubwa, lakini ukilazimika kila hatua kuufungia ndani ya mraba mpya uliolala sambamba na mihimili, unaongeza pembe ambazo hazikuwamo. Katika mzunguko mmoja kamili, hatua zikiwa ndogo sana, upana unakua kwa e^(2π), yaani takriban mara 535, na hiyo yote ni shaka ya kutengenezwa na njia ya hesabu. Moore mwenyewe alilifahamu tatizo hilo, na katika miaka ya 1980 Rudolf Lohner alilipunguza sana kwa kugeuza mihimili ifuate mkusanyiko unavyozunguka. Kwa kazi za aina hii, hesabu za wigo zimefika mbali: Warwick Tucker alizitumia katika uthibitisho aliouchapisha mwaka 2002 kwamba kivutio cha Lorenz, yaani umbo ambalo majibu ya milinganyo ya Lorenz huvutwa kulielekea, kipo kweli, swali la 14 katika orodha ya mwanahisabati Stephen Smale ya maswali yaliyokuwa hayajajibiwa.

Modeli ya damu na tishu haizunguki hivyo. Dawa ikiongezeka kwenye tishu, kinachorudi kwenye damu kinaongezeka, na kinyume chake vilevile. Hakuna chumba kinachomvuta mwenzake kwa ishara hasi. Hivyo milinganyo minne, ncha mbili kwa kila chumba, inakupa mipaka halali. Itakuwa mipana kuliko ukweli, kwa sababu kiwango cha dawa kutoka damu kwenda tishu kinaonekana katika milinganyo yote miwili, na kwa ncha za chini njia hii itakichukua kwa thamani ya juu pale kinapoondoka na kwa thamani ya chini pale kinapoingia (kwa ncha za juu ni kinyume), ilhali ni kiasi kilekile cha dawa. Ukitaka kubana zaidi, gawa wigo wa kigezo hicho vipande vidogo, tatua kila kipande peke yake, kisha uunganishe majibu.